Kamati ya Mazishi Yangu

Siku nilipoingizwa kwenye kamati ya mazishi yangu nilikuwa juu ya ngazi, Lavington, nikipaka dari ya chumba cha kulia cha watu. Simu ililia mfukoni mwa ovaroli, nikaipuuza. Ikalia tena na tena, mlio ule wa jumbe zinazokanyagana, mpaka mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni kuuliza kama kwangu kuna shida. Nikashuka, nikajipangusa vidole, nikafungua. Nilikuwa nimeongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp kilichoitwa "Safari ya Mwisho", na juu yake walikuwa wameweka picha yangu, ile niliyopigwa kwenye arusi ya binti yetu, nimevaa tai ya kuazima.

Nilisogea dirishani nisome vizuri. Shemeji mmoja alisema yeye na akina mama wa kanisa watashika upande wa mapishi. Mwingine alikuwa na mtu wa hema na viti. Mwingine akauliza kama mwili utasafiri Alhamisi au Ijumaa, kwa sababu Ijumaa barabara hujaa. Mwili wenyewe ulikuwa umesimama pale dirishani na brashi mkononi, umeshiba chapati na maharagwe.

Kosa lilikuwa dogo tu. Binamu yangu wa Riruta, aliyeunda kikundi, alichagua majina yote ya ukoo kwenye simu yake bila kuangalia, na mimi ni mtu wa ukoo. Nikaandika, "Mimi niko hapa. Mkutano ni wapi?" Kikundi kikanyamaza kama kanisa lililoingiliwa na mlevi. Kisha jumbe zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine. Walisahau kuufuta ule wa binamu mwenyewe uliosema Jumamosi, saa nane, kwake Riruta. Nikarudi juu ya ngazi nikaimalizia dari, na nasema kweli sijawahi kupaka kwa hasira kama siku ile. Ilitoka safi sana.

Kilichowafanya wanizike mapema ni karatasi ya hospitali, na karatasi hiyo lazima niieleze, kwa sababu mpaka leo kuna watu wa kwetu wanaoamini ilikuwa barua ya kifo.

Mimi ni fundi wa rangi. Nilikuja Nairobi kutoka magharibi nikiwa kijana, nikapanga Kangemi, na Kangemi sijatoka. Nyumba za ng'ambo ya barabara, zile zenye kuta ndefu na mabawabu, nimezipaka ndani nje, maana wenyewe hubadilisha rangi kama watu wengine wanavyobadilisha shuka. Mikono nimeiosha kwa thina, yale maji makali ya kuyeyushia rangi, maisha yangu yote. Hakuna aliyetuambia vingine. Daktari alikuja kuniambia kwamba kazi hiyo yawezekana ilichangia ugonjwa wangu, na nilipomuuliza nimshtaki nani, alitabasamu tu kwa huzuni.

Ilianza kwa mkojo kubadilika rangi. Haukuwa mwekundu wa kutisha. Ulikuwa kama maji ya kuoshea brashi, yale ya suuza ya mwisho, yenye wekundu wa mbali. Haukuuma. Kitu kisichouma mwanamume hukipa muda, na mimi nilikipa, mpaka siku moja nikamtajia mke wangu kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa. Yeye huuza mboga za kienyeji soko la Kangemi: kunde, mrenda, managu, saga. Alifunika mboga zake kwa gunia saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamesimama, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea, akanipeleka kliniki.

Kutoka kliniki tukatumwa hospitali kubwa, na huko wakaingiza kifaa chembamba kupitia njia ya mkojo, wakaona uvimbe ndani ya kibofu, wakaukwangua. Daktari wangu alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu au zaidi kidogo, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuchora kila anachokisema. Alinichorea ukuta wa kibofu na tabaka zake. Uvimbe ulikuwa umepita tabaka la kwanza lakini haukuonekana kufika kwenye msuli. Ulikuwa umesimama kizingitini, alisema, na mgeni aliyesimama kizingitini ndiye anayesumbua, maana hujui kama anaaga au anaingia.

Njia zilikuwa mbili. Moja, kumimina dawa ndani ya kibofu, mara kwa mara, kisha kuchungulia na kungoja. Nyingine, kukitoa kibofu chote. Ili kuchagua, alitaka kipande cha uvimbe kisomwe jeni zake, na hospitali ilikuwa na mpango wa kupeleka vipande vya wagonjwa wachache kama mimi kwenye maabara iliyoweza kufanya hivyo. Alinieleza kwamba kila seli ya mwili ina maelekezo yake, na maelekezo hayo ndiyo jeni. Ndani ya uvimbe maelekezo yameharibika, ila hayaharibiki kwa namna moja. Kwa darubini, uvimbe wa watu wawili unaweza kufanana kama mapacha, lakini mmoja ukikwanguliwa umekwisha, na mwingine unarudi na kuchimba chini. Mpangilio wa ule uharibifu ndio unaoonyesha tabia.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kuna doa la unyevu ukutani ambalo linatokana na bomba lililovuja siku moja: unapiga msasa, unapaka, kazi imekwisha. Na kuna doa jingine, sura ileile, rangi ileile, ambalo linapanda kutoka kwenye msingi. Hilo unaweza kulipaka mara saba na mwenye nyumba atakupigia simu mara saba. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema basi tusubiri tuone letu linatoka wapi.

Lilitoka kwenye msingi. Alitupa majibu kwenye kliniki yake ya katikati ya jiji, ghorofa ya juu, wachuuzi wakisikika wakinadi soksi kule chini. Mke wangu alikuwa kando yangu, mkoba mapajani. Daktari aligeuza karatasi ili tuione, akatuonyesha pale palipoandikwa kwa wino mwekundu kwamba hatari ni ya juu. Alisema mpangilio wa jeni ulikuwa wa aina kali, aina inayorudi, inayoingia kwenye msuli na kisha kusafiri. Kwa aina hiyo, yeye hakuiamini dawa ya kumimina.

Nilimuuliza lile ambalo kila mtu angeuliza. Nilisema, "Kwa hivyo nakufa lini?"

"Mzee, hii karatasi inanionyesha tabia ya uvimbe," akasema. "Tabia yako haijui. Inasema uvimbe utafanya nini tukiuacha. Sasa tusiuache."

Nikamuuliza angekuwa baba yake angefanya nini. Akajibu bila kufikiri kwamba angemtafutia kitanda siku hiyo hiyo. Kisha akatueleza mambo mengine, na hakutuficha. Kibofu kikitoka, mkojo ungepitishwa kwenye kipande cha utumbo na kutokea tumboni, ukiingia kwenye mfuko ambao ningeuvaa siku zote. Na mambo ya chumbani yangebadilika, pengine kabisa. Mimi niliangalia sakafu. Mke wangu akamwambia daktari kwamba hayo ya chumbani tutayajua wenyewe, aendelee na ya kitanda cha hospitali. Tulipangiwa wiki mbili mbele.

Jioni ile mke wangu aliipiga picha ile karatasi, akamtumia kaka yangu mkubwa kijijini, akiomba maombi. Simlaumu. Kaka hakuelewa hata mstari mmoja, akaituma kwa binamu wa Riruta. Binamu anafanya kazi ofisini mjini, na kwa sababu hiyo ukoo umemfanya daktari, wakili na mhandisi kwa pamoja. Alisoma wino mwekundu. Alitafuta kwenye mtandao. Akakuta habari za watu wengine, wa nchi nyingine, na akafunga hesabu kwa niaba yangu. Kikundi kikaundwa kabla sijapata hata muda wa kuogopa vizuri.

Jumamosi nilikwenda Riruta. Nilipitia kazini kwanza, kwa hivyo nilifika na ovaroli yenye madoa. Walikuwa wamekaa kwenye ua wa ploti ya binamu, viti vya plastiki kwa mduara, na kaka yangu mkubwa akiwa mwenyekiti. Alikuwa amewasili asubuhi hiyo, bado ana vumbi la safari kwenye viatu. Mtu mmoja alikuwa katikati ya maombi. Nikangoja amina, nikasalimia mmoja mmoja kwa mkono, nikavuta kiti. Nikawaomba waendelee na ajenda walipokuwa wamefika, nisiwacheleweshe.

Sitasahau zile nyuso. Binamu alisema kwamba hii ilikuwa kamati ya matibabu. Nikamuuliza matibabu gani yanahitaji hema. Shangazi mmoja akaanza kulia, na nikamwambia aweke akiba ya machozi, huenda yakahitajika siku nyingine kwa mtu mwingine, hata kwa mmoja wetu tuliokaa pale tukiwa wazima. Nilikuwa mkali, najua. Mtu akikuta watu wanampimia kaburi ana haki ya kuwa mkali.

Maana walikuwa wamelipima. Hilo lilitoka kwa kaka mwenyewe, kwa upole wake wote. Kwetu mwanamume mwenye familia hazikwi hivi hivi. Anatolewa kwenye nyumba yake, analala usiku mmoja mbele ya mlango wake, na anawekwa kando ya ukuta wake. Mimi nilikuwa na kiwanja nilichopewa na baba, na juu ya kiwanja hicho palikuwa na mahindi tu. Miaka yote nilikuwa nikisema mwaka ujao. Nimepaka kuta za nusu ya Lavington na sikuwa na ukuta mmoja kwetu. Kaka alikuwa amekwenda kiwanjani na kamba, akaona nyumba itakaa wapi, na upande wa kulia wa nyumba akaona mimi nitakaa wapi.

"Omwana wefu, hatusemi unakufa," akaniambia, yaani mtoto wa kwetu. "Tunasema mtu hujipanga. Utakuja nyumbani, mahindi yatavunwa, utachimba shimo la nguzo ya kwanza, tutaezeka mabati. Halafu hiyo operesheni utaenda ukiwa na roho safi."

Kwetu mwenye nyumba ndiye huchimba shimo la nguzo ya kwanza. Hilo halina mjadala. Lakini mahindi yalikuwa bado mabichi, kuvuna kungechukua majuma, wazee wangetafuta siku yao, na kitanda changu cha hospitali kisingenisubiri. Niliwaambia. Nikawaeleza kuhusu kizingiti, kuhusu doa linalopanda kutoka kwenye msingi, kuhusu jeni. Hapo kaka akauliza, kwa umakini kabisa, kama hizo jeni zilikuwa za upande wetu au za kwa kina mama, kwa sababu kama ni za kwa kina mama basi wajomba nao waitwe wachange. Nikamjibu kwamba si zetu wala si za wajomba. Ni za uvimbe. Uvimbe umezitengeneza wenyewe, na kwa hizo uvimbe ndio uliotabiriwa. Mimi sikutabiriwa na mtu.

Binamu akasema kwa sauti ya ofisini kwamba sayansi ni sayansi. Kaka akasema mkataa pema, pabaya panamwita. Nikawaambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linalozungumziwa ni langu. Nikasimama. Nikasema nyumba ya kupumzishia jeneza sijengi, si mwezi huu wala mwingine, na anayetaka kulala kando ya ukuta kule nyumbani akalale yeye. Nikaondoka na hasira yangu yote mpaka Kangemi, kwa miguu. Nilijiona mshindi.

Jumapili baada ya kanisa tulikaa mlangoni, mke wangu akichambua kunde za kuuza kesho yake. Nilikuwa bado nasimulia ushindi wangu. Nilimwigiza binamu, nikamwigiza shangazi na leso yake. Hakucheka. Alitoa majani, akatupa vijiti, akatoa majani. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Wewe unakataa hiyo nyumba kwa sababu hutaki kufa. Mimi naitaka juu nitabaki."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kuhesabia mboga. Akasema nikienda, yeye atapelekwa nyumbani nyuma ya jeneza, na baada ya wageni kuondoka atalala jikoni kwa mama mkwe, mwanamke mzima, mjane asiye na mlango. Akasema ameona wanawake wa kwetu waliofanyiwa hivyo. Akasema pia kwamba nyumba ambayo shimo lake limechimbwa na shemeji huja siku moja kuwa na shemeji ndani yake. Akaniambia niende hospitali kwa tarehe yangu, na yeyote akijaribu kunichelewesha atapambana naye kwanza. Lakini nisiringe na kifo changu kana kwamba ni changu peke yangu.

Nilikasirika, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikidhani nyumba ya kijijini ni deni la wanaume kwa wazee wao. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu anayeingoja ili aingie. Mimi ni mtu wa kuziba nyufa. Ile methali ya ufa na ukuta ndiyo imenilisha. Na ufa huu ulikuwa ndani ya nyumba yangu, na nilikuwa nimeupita kila siku nikienda kuziba za watu.

Nilimpigia kaka jioni ile ile. Nikamwambia operesheni itabaki tarehe yake, na nyumba itaanza kabla ya operesheni, Jumamosi inayokuja. Mahindi yang'olewe mabichi, yachomwe, watoto wale. Akafurahi sana. Akasema basi kwa kuwa mimi nina kazi ya kumaliza kabla ya kulazwa na sitaweza kusafiri, yeye atachimba shimo kwa niaba yangu. Nikamwambia hapana. Atakayechimba ni mke wangu.

Akasema mwanamke hachimbi shimo la nguzo, hajawahi kuona. Nikamwambia basi ataona. Akasema wazee hawatakubali. Nikamwambia wazee wakikataa, nitamtafuta mwanasheria aandike kwamba nizikwe makaburi ya Lang'ata, katikati ya watu nisiowajua, na hema lao walirudishe. Ni kitisho kibaya kwa watu wa kwetu, na nilikitumia bila haya. Akakata simu.

Mke wangu alisafiri Ijumaa. Jumamosi mimi nilikuwa Lavington, juu ya ngazi ile ile, nikimalizia kuta za chumba kile cha kulia kabla ya kwenda kulazwa. Simu ikalia. Alikuwa yeye, sauti yake imebanwa. Akaniambia wazee wamefika, kamba imevutwa, na kaka ameshika jembe hataki kuliachia. Nikamwambia aiweke simu kwa spika, aiinue juu.

Nilisikia upepo, na jogoo, na watu wengi wakipumua. Nilisema, "Jembe mpeni mwenye nyumba."

Kaka akasema mwenye nyumba ni mimi, na sipo. Nikasema mwenye nyumba ni yule atakayekaa ndani yake nikiwepo na nisipokuwepo, na huyo amesimama mbele yako tangu asubuhi. Nilisimama pale, rangi ikitiririka kutoka kwenye brashi mpaka kiwikoni, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya majibu. Kama angekataa, ningefanya nini kutoka juu ya ngazi Nairobi? Kisha nikasikia jembe likiingia ardhini. Likaingia tena. Sikujua ni mkono wa nani mpaka yule shangazi wa machozi alipopiga vigelegele. Mama mwenye nyumba wa Lavington akaja tena mlangoni kuuliza kama kuna shida, nikamwambia hapana, naanza kujenga.

Nilifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata. Sitausimulia, nilikuwa nimelala, na walioona wanaweza kusimulia. Nilipozinduka mke wangu alikuwepo na udongo wa kwetu bado chini ya kucha. Baada ya siku kadhaa daktari alikuja na majibu ya kibofu chenyewe. Alivuta kiti, akachora. Uvimbe ulikuwa umekwisha kuingia kwenye msuli, mahali padogo ambapo kule kukwangua kwa kwanza hakukupafikia. Tezi za jirani zilikuwa safi. Nilimuuliza ingekuwaje kama tungemimina dawa na kungoja, au kama ningekwenda kuvuna mahindi. Akasema hapendi maswali ya namna hiyo. Halafu akayajibu: angekuwa anachora picha nyingine.

Sasa ninao mfuko. Mwanzoni niliuona kama mgeni mkorofi, anayevuja mbele za watu na kunuka kanisani, na kuna siku nililia bafuni kwa aibu na kwa hasira. Sasa naujua. Huvaliwa chini ya ovaroli, na ngazi napanda. Fundi mmoja kijiweni alinitania kwamba nimewekewa tangi, nikamwambia ndiyo, na yeye bado anashuka ngazi kila saa kutafuta choo wakati mimi nimemaliza ukuta. Hapo hapo akakubali kwamba nina faida. Ya chumbani tunayajua wenyewe, kama alivyosema mke wangu. Kila baada ya miezi narudi kupigwa picha, kwa sababu uvimbe wa aina ile hupenda kutokea kwingine, na kila mara natetemeka. Natetemeka, lakini naenda.

Kikundi nacho bado kipo. Binamu alitaka kukifunga, nikakataa, na nimekataa kutoka. Nilimwomba anifanye msimamizi, akanifanya kwa aibu. Jina la kikundi nimeliacha lile lile. Kila Jumatatu asubuhi huwa naandika, "Mwili umeamka," na shangazi hujibu kwa mikono ya kushukuru.

Nyumba ilipokwisha kupigwa plasta nilikwenda kuipaka. Nilibeba rola zangu mwenyewe na glavu pia, za mpira, ambazo sasa sizivui. Nimekuwa fundi muda mrefu, na kabla sijafungua kopo lolote huwa namuuliza mwenye nyumba anataka rangi gani. Mke wangu alisimama uani, mikono kiunoni, akaiangalia nyumba yake kwa muda. Mimi nilikuwa nimebeba krimu, rangi ambayo haimkosei mtu. Akataka kijani, kijani cha mboga zake, si kile cha benki. Nilichanganya mara tatu mpaka akakubali.

Siku ya mwisho kaka alikuja kututembelea. Ni mtu mwema, na bado ni mkubwa wangu. Alizunguka nyumba, akasifu madirisha, akafika upande wa kulia, akasimama. Pale alipokuwa amepima kaburi langu kwa kamba, mke wangu alikuwa ameshalima, mstari kwa mstari, na kunde zilikuwa zimeota na kufunika ardhi yote. Kaka alimuuliza kama hakujua pale palikuwa pametengwa. Akamjibu kwamba alijua, ndiyo maana aliona udongo ni mzuri.

Jioni mke wangu alichuma kapu zima na kuzipika kwa maziwa. Tulikula sote watatu, mlango ukiwa wazi, na kaka aliongeza mara mbili.